Wanataka mgonjwa asiyeumwa

Juzi usiku kwenye grupu la familia shangazi katupia ile taarifa inayozunguka, ya dawa inayoamsha kinga ya mwili ipigane na kansa ya mapafu, halafu chini yake kaweka voisi ya dakika nne. Tatu na nusu ni salamu na pole za msiba wa jirani. Mwishoni ndio kauliza: "Sasa jamani kama dawa ipo tangu hiyo 2016, kwa nini mdogo wangu hakupewa?"

Watu wote wameisikiliza, tiki za bluu ziko pale, hakuna aliyejibu. Kaka yangu kaweka ile mikono inayoomba basi. Na mimi ndiye niliyempeleka Bamdogo, huyo mdogo wake mwenye kansa ya mapafu, India, kwa hiyo swali lilikuwa langu, na nikiamua kumjibu shangazi kwa voisi itakuwa ya saa nzima na nitaishia kulia. Bora niandike.

Dawa ya kununua hatukuiweza, hilo ukoo mzima unalijua, michango yenyewe iliishia kwenye tiketi na vipimo. Ndio maana daktari wa kule aliposema kuna utafiti wa dawa unaendelea, na ukiingia dawa ya majaribio hulipii, mimi nilitoka nje nikapiga simu nyumbani nikisema tumepata. Siku nne baadaye tukaletewa karatasi. Hakidhi vigezo.

Sasa mimi si daktari, ila toka siku ile nimesoma vigezo vya hizi tafiti kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote shuleni. Chukua KEYNOTE-024, ule uliotoka 2016 na kuipandisha pembrolizumab, mojawapo ya hizo dawa za kuamsha kinga, ikawa dawa ya kuanzia kwa baadhi ya wagonjwa wa hatua ya nne badala ya kemo. Walichuja watu 1,934, wakaingia 305. Wengi walitoka kwa sababu ya kipimo cha PD-L1, protini inayokaa juu ya seli za uvimbe, walitaka angalau asilimia 50 ya seli za uvimbe ziwe nayo, na hapo sibishi, hiyo ndio shabaha ya dawa. Wenye mabadiliko ya jeni za EGFR na ALK kwenye uvimbe nao waliachwa kwa kuwa wana vidonge vyao vinavyowafaa zaidi, sawa pia. Mie ugomvi wangu ni ile mistari mingine, inayomwangalia mgonjwa badala ya kansa.

Mstari wenyewe ni ECOG, kipimo cha mgonjwa ana nguvu kiasi gani. Wenye mgonjwa mnaijua, sifuri mpaka tano, sifuri unadunda kama kawaida, tano umeshafariki. Tafiti nyingi za kansa iliyosambaa zinachukua sifuri na moja tu. Moja maana yake kazi nzito huwezi ila unatembea na nyepesi unaziweza, za ndani au za ofisini. Mbili maana yake unaoga mwenyewe, unavaa mwenyewe, zaidi ya nusu ya muda ulio macho hujalala, ila kazi yoyote ile huwezi. Kati ya moja na mbili pana neno moja tu, kazi, na kwenye hilo neno ndipo Bamdogo alipoangukia.

Bamdogo alikuwa fundi dizeli miaka 31. Scania, Fuso, matrekta, chochote chenye moshi mweusi. (Sigara hakuvuta hata siku moja, lakini moshi wa dizeli IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, walishauweka kundi la kwanza la vinavyosababisha kansa tangu 2012, na gereji ngapi mnazijua hapa mjini zenye hata feni? Haya, nitaliandika siku nyingine.) Daktari aliyemfanyia tathmini alikuwa kijana, mpole kabisa, na mkalimani alikuwa mwanafunzi wa Kizanzibari anayesoma hukohuko. Akauliza: "Baba, kazi unaziweza?"

Bamdogo akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kazi? Mwanangu, mimi sasa hivi hata spana ya 32 siiwezi."

Kijana akaandika 2. Haikufika dakika mbili.

Mnaona kilichotokea? Kwa Bamdogo kazi ni kulala chali chini ya lori ukashusha gia boksi. Hakuna kazi nyepesi kwenye kamusi yake, nyepesi ni kupumzika. Angekuwa karani wa benki na mapafu yaleyale, uvimbe uleule, angesema "naweza, ofisini naenda kidogo kidogo" akaandikiwa moja akaingia. Na asubuhi ileile kule tulikopanga chumba alikuwa amefua mashati yake mawili kwenye sinki na amesonga ugali kwenye jiko la umeme, wa kwake na wa kwangu, kwa sababu wangu alisema ni uji uliokasirika. Kufua na kupika si kazi za ndani? Ila nani amuulize mzee wa kiume habari za ugali. Nilipojaribu kueleza nikaambiwa tathmini imeshaingizwa kwenye mfumo. Mfumo! Mtu anakufa, mfumo hauna kitufe cha kufuta.

Halafu kuna TB. Hii inanikata maini zaidi kwa sababu sisi wenyewe huku ndio tuliyomtengenezea. Alianza kukohoa akiwa bado anabeba betri la lori peke yake, yaani ECOG sifuri ya kutupwa. Akapigwa eksirei, ikaonekana doa, akaanzishiwa dawa za TB. Makohozi yalipimwa mara mbili hayakuonyesha mdudu, akaambiwa endelea tu. Mwezi wa tano wa dozi kapungua nusu, ndipo alipokatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwa na majibu yakasema kansa, dawa za TB zikasimamishwa. Kufika India faili linasomeka: historia ya TB, hakumaliza dozi. Hakumaliza dozi! Kama mtoro. Na tafiti nyingi za hizi dawa za kinga TB wanaikwepa kama moto. Kwa hiyo mzee kapoteza miezi mitano kwa ugonjwa asiokuwa nao, miezi hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye sifuri ikampeleka kwenye mbili, halafu ugonjwa uleule asiokuwa nao ukasimama tena mlangoni kumzuia. Niambieni kama si kuchapwa mara mbili kwa kosa la mwingine.

Na siamini ni Bamdogo peke yake, kikohozi huku kwetu kikizidi wiki mbili jina lake la kwanza ni TB.

Wenye HIV nao miaka na miaka walikuwa wanafutwa bila hata kuulizwa, mtu anameza ARV kila siku na virusi havionekani kwenye kipimo, bado nje, mpaka FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, 2020 ikatoa mwongozo kwamba jamani hawa waingizeni. Kansa ikigusa ubongo nayo mara nyingi unasubirishwa mpaka itibiwe kwanza. Na kuna ile ninayoipenda kuliko zote, mgonjwa awe anatarajiwa kuishi angalau miezi mitatu. Kigezo kikubwa zaidi hakijaandikwa popote, nacho ni uwe umezaliwa karibu na hospitali yenye utafiti.

Najua watakaokuja kwenye komenti. Usalama. Sawa, dawa mpya kabisa huwezi kumpa mtu ambaye figo zimegoma, na dawa ya kuamsha kinga ukimpa mwenye lupus, ambaye kinga yake tayari inamshambulia mwenyewe, inaweza kumgeukia. Hilo nalikubali, tena bila kupenda. Lakini usalama gani huu ambao dawa ikishapasishwa anapewa yeyote mwenye hela, ECOG mbili, tatu, mzee wa miaka 84, na hakuna ajuaye kwao inafanyaje maana kwenye utafiti hawakuwemo?

Na wapo waliojaribu kuulegeza mlango na mbingu hazikuanguka. Mwaka 2021 kwenye jarida la Nature watafiti walichukua rekodi za wagonjwa wa kawaida wa kansa ya mapafu huko Marekani, zaidi ya 61,000, wakaangalia vigezo vya tafiti zilizokwishafanyika kimoja kimoja. Vingi havikubadilisha matokeo ya dawa, na vikilegezwa, wanaoweza kuingia wanazidi mara mbili. Tafiti nyingine, IPSOS, iliyotoka 2023, iliwatafuta makusudi wale wasiotakiwa, wasioweza kemo kali ya platinamu, wengi wao ECOG mbili, wakawa 453. Waliopewa atezolizumab, nayo dawa ya kuamsha kinga, asilimia 24 walikuwa hai baada ya miaka miwili, waliopewa kemo nyepesi asilimia 12. Asilimia 24 si muujiza, naijua hesabu. Lakini ni hao hao ambao kwingine huambiwa hawakidhi.

Tafiti ya Pragmatica-Lung nayo, kule Marekani, ilipunguza vigezo ikaruhusu mpaka ECOG mbili, watu wakajaa zaidi ya 800 chini ya miaka miwili. Dawa zilizokuwa zinajaribiwa hazikurefusha maisha kuliko matibabu ya kawaida, ndio, lakini jibu lilipatikana haraka na kwa wagonjwa wanaofanana na wagonjwa.

Shangazi, ndio hivyo. Hakunyimwa. Aliulizwa swali moja, akajibu kwa lugha ya gereji.

Tuliporudi alikaa nyumbani siku mbili, ya tatu akataka apelekwe gereji. Tukamwekea tairi la Fuso akakaa juu yake, shuka begani, vijana wake wamefungua pampu ya lori moja linalokosa nguvu, wameihangaikia toka asubuhi. Akasema rudisheni, washa. Ikawashwa. Akainamisha kichwa, macho kafumba, akasikiliza pengine nusu dakika.

"Pampu haina kosa. Fungua nozeli ya tatu."

Wakafungua. Ilikuwa nozeli ya tatu.