Siku Niliyozaa Dinosari Wasio na Idadi

Mwaka 2019 nilijiandikisha katika mashindano ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering nikiwa na deki, yaani fungu langu la kadi, ya dinosari niliyoipanga kwa wiki tatu, na ndani yake mlikuwa na siri ambayo sikumwambia mtu yeyote, hata wale niliofanya nao mazoezi, kwa kuhofia kwamba wangeniiga. Siri yenyewe ilikuwa kadi mbili. Ya kwanza ni Marauding Raptor, mnyama mdogo wa gharama nafuu ambaye humng'ata kila kiumbe mwingine anayeingia mezani upande wa mwenye kadi na kumjeruhi kwa pointi 2. Na akishamng'ata dinosari mwenzake, nguvu zake huongezeka kwa 2 hadi mwisho wa zamu. Ya pili ni Polyraptor, jitu la nguvu 5 na uhai 5, ambalo kila linapojeruhiwa huzaa nakala yake kamili. Polyraptor anaingia, anang'atwa, anazaa. Mtoto anaingia, anang'atwa, anazaa. Mjukuu naye hana pa kukimbilia.

Mizunguko ya aina hii nilikuwa nimeitazama mara nyingi ikichezwa na wengine. Mwenye kadi za Deceiver Exarch na Splinter Twin, ambazo nazo kwa pamoja huzalisha nakala mfululizo, hutangaza kwamba atarudia mara milioni moja, mpinzani hukuna kichwa, kisha hukusanya kadi zake na kunyoosha mkono wa pongezi. Mkono huo ndio niliokuwa nikiuota. Nilikwenda hata na mfuko wa dadu za kuhesabia watoto, kana kwamba milioni moja ingeenea kwenye dadu ishirini.

Katika raundi ya nne nilikutana na mzee mmoja mpole, mwenye miwani, ambaye kila nilipoweka kadi aliomba kuisoma upya. Mchezo wa kwanza nilimshinda. Katika wa pili alibakiwa na uhai 2, bila kiumbe hata kimoja mezani, nami nilikuwa na Marauding Raptor wangu pamoja na dinosari mwingine wa nguvu 3, wote wawili wakiwa tayari kushambulia. Mtu mwenye akili timamu hapo hushambulia, kisha huenda kunywa maji. Mimi nilitazama mkononi nikamwona Polyraptor, nikatazama ardhi zangu, yaani kadi za kulipia gharama, nikakuta ni 7, idadi ile ile niliyohitaji kwa kuwa Raptor hupunguza gharama ya viumbe kwa 1, nikazilaza zote kwa mkupuo mmoja. Pembeni yake mkononi ilibaki Lightning Strike, kadi ya radi inayojeruhi kwa pointi 3 na ambayo ingeweza kumuua Raptor wakati wowote, lakini inadai ardhi 2, nami sikuwa nimebakiza hata moja. Wakati ule sikuona kwamba jambo hilo lina uzito.

"Mzee wangu," nilisema huku nikimwaga dadu mezani, "hawa wanazaliana bila kikomo."

"Bila kikomo?" aliuliza kwa upole. "Basi tumwite mwamuzi, mwanangu, ili tusije tukakosea."

Mwamuzi alikuwa dada mmoja mtaratibu aliyekuja na daftari chini ya kwapa. Alianza kwa kunifahamisha kwamba kanuni haziruhusu mchezaji kuchagua kurudia mara zisizo na kikomo, na kwamba ni lazima ataje idadi. Nikataja milioni moja. Akaniuliza baada ya hiyo milioni moja ni kitu gani kitakachowasimamisha. Nikamjibu kwamba nitawasimamisha mimi mwenyewe, kwani ni wanyama wangu. Hapo aliichukua kadi ya Polyraptor, akaweka ncha ya kalamu chini ya neno la kwanza la maelezo yake, akaisogeza taratibu neno kwa neno hadi kwenye nukta. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa Marauding Raptor.

"Nionyeshe palipoandikwa kwamba unaweza kukataa," alisema.

Nilitafuta. Niliigeuza kadi hata upande wa nyuma, ambao ni picha ile ile kwa karibu kadi zote tangu mchezo ulipotoka mwaka 1993. Hapakuwa na hiari popote: Raptor ni lazima ang'ate, na Polyraptor ni lazima azae. Yule wa Splinter Twin huamua mwenyewe kila mara kama aendelee au aache, na ndiyo maana ana haki ya kutaja idadi. Mimi nilikuwa nimeanzisha kitu kisichoniomba ruhusa. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini sakafu ya dinosari wangu haikuwa na ukingo.

"Mzunguko wa mambo ya lazima matupu, ambao hakuna anayeusimamisha, ni sare," alisema mwamuzi. Nilimkumbusha kwamba mpinzani alikuwa na uhai 2. Alinijibu kwamba anauona.

Mchezo wa tatu sitauelezea kwa kirefu. Nilikwama na ardhi mbili huku mkono wangu ukiwa umejaa wanyama wakubwa, mzee akanimaliza bila haraka, na tulipokuwa tukichanga kadi kwa ajili ya mchezo wa nne, dakika 50 za raundi zikaisha. Tukawa tumeshinda mmoja mmoja, na sare ile moja katikati. Kila mmoja aliondoka na pointi 1 badala ya 3, na pointi 2 nilizozikosa ndizo zilizonitenga na wachezaji 8 wa fainali.

Tulipokuwa tukitia saini karatasi ya matokeo, mzee alinieleza kwamba katika mchezo ule wa sare alikuwa ameshika Cast Down, yenye uwezo wa kumuua Raptor wangu na kuukata mzunguko, na ardhi za kuilipia alikuwa nazo. Niliruka kumwita mwamuzi. Yule dada alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kanuni hazimlazimishi mchezaji yeyote kutumia kadi iliyo nje ya mzunguko ili kuuvunja.

"Ningemuua huyo mdogo, yule wa nguvu 3 angenimaliza," alisema mzee. "Na kama ungeshambulia na wote wawili kabla ya kuzalisha, ningemuua mmoja tu." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hivi, mwanangu, ulisema ulitaka wangapi?"

"Milioni moja."

"Nami nilikuwa na uhai 2," alisema, akanirudishia dadu moja iliyokuwa imebiringika hadi upande wake.