Nitajie joto kabla ya siku

Kila anayenieleza namna ya kupika mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, hufika mahali palepale: chemsha ndizi mbivu, mimina kwenye pipa, funika, acha siku tano. Siku tano za wapi? Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwezi wa Julai, au Dar mwezi wa Februari? Kwangu mimi maelezo yasiyotaja joto hayajakamilika.

Shangazi yangu hupikia Marangu. Julai ukungu ukishuka hadi migombani, ndizi zake hukaa wiki nzima ndipo zichachuke sawasawa. Mwaka juzi nilimfuata hatua kwa hatua, ila nilipikia Dar, kwenye kibaraza cha nyuma, nyuzi 32. Siku ya pili povu lilifika mdomoni mwa ndoo. Siku ya tatu likashuka. Nikasubiri ya tano kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa, na nilipofunua, harufu ya siki ilinipokea kabla sijainama. Ndoo mbili za ndizi zilimwagwa.

Hamira ni kiumbe hai. Kwenye baridi husinzia; kwenye joto hula sukari kwa pupa, na pombe ya pupa huwa kali, inakwaruza koo. Isitoshe, kuchacha kwenyewe huzalisha joto, kwa hiyo ndani ya ndoo ni moto kuliko chumbani. Hapo bakteria wa siki nao, wakipata hewa, hukigeuza kileo kuwa asidi. Wapikaji wa bia ya shayiri wanalijua hili vizuri: hamira ya ale, bia ya kuchachushwa kwenye uvuguvugu, huwekwa kwenye nyuzi 18 hadi 22, ya lager, bia ya kuchachushwa kwenye baridi, 8 hadi 13, na ndiyo maana lager huchelewa.

Uji wa kimea cha ulezi nao una joto lake. Ukiuchanganya na maji ya ndizi ungali moto, unaiua hamira. Shangazi hana kipimajoto. Huegemeza mkono ubavuni mwa sufuria, akinyamaza, na mkono usipotulia husema, “Bado, mwanangu.”

Safari hii niliitia ndoo kwenye beseni la maji, nikaizungushia gunia bichi, maji nikibadilisha asubuhi na jioni. Nikaacha kuhesabu, nikawa nafunua na kunusa. Siku ya nne alfajiri povu lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kushuka, na harufu ilikuwa bado ya ndizi. Nikachuja, nikatia msesewe, gome la mti linaloipa mbege uchungu, nikakoroga uji.