Usianzie Mnemba

Likizo ikikaribia huwa napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa jamaa wa Dar es Salaam na Nairobi: tunakuja Zanzibar, safari hii tunataka kuzamia kwa mitungi, tutafutie nafasi Mnemba, kile kisiwa kidogo cha kaskazini mashariki ya Unguja. Jibu langu halibadiliki, na leo naliandika kwa urefu. Kama hujawahi kuzamia, usianzie Mnemba. Anzia mjini Unguja, upande wa magharibi.

Najua wapo watakaoshangaa. Mnemba ina jina, na miamba yake ni mizuri kweli: kasa wapo, pomboo wapo, na mbono hupita kwa makundi makubwa hadi unasahau kuangalia saa. Lakini nenda pale Julai au Agosti, saa nne asubuhi. Boti za Nungwi, Kendwa, Matemwe na Muyuni zinafika karibu kwa wakati mmoja, za wazamiaji na za waogeleaji wa miwani, na mahali panakuwa kama soko la Darajani mkesha wa Idi. Pomboo wakichomoza tu, mashine zinaunguruma, boti zinawazunguka, watu wanajirusha mbele yao. Pomboo wakizama na kuibukia pengine, wanafuatwa huko huko. Linaniuma kila ninapoliona. Mnemba ni eneo la hifadhi, na wageni hulipia kuingia. Haifai mnyama akose pa kupumulia ndani ya hifadhi yake mwenyewe.

Kwa mwanafunzi wa kuzamia, msongamano huo pia ni hatari. Sauti husafiri majini kwa kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani, hivyo sikio linashindwa kujua inatoka upande gani. Ukiwa mita tano chini, mashine ya boti unaisikia pande zote za kichwa. Mzoefu hutulia, humwangalia kiongozi wake, hupeleka boya juu kwanza ndipo akaibuka. Mgeni ambaye miwani yake imeingia maji na koti lake la hewa linampandisha asipotaka hana utulivu huo. Anataka kutoka tu, na juu ya kichwa chake kuna mapanga ya mashine yanazunguka.

Halafu kuna upepo. Watu wengi huchukua likizo katikati ya mwaka, na huo ndio wakati wa kusi. Upande wa mashariki na kaskazini mashariki wa Unguja bahari inachafuka, na mtu hufika penye mwamba ameshatapika. Wakati huo huo upande wa mjini kisiwa chenyewe kinazuia upepo. Miamba ya Bawe, Pange na Murogo ipo pale pale mbele ya bandari, safari fupi kwa boti, kuna sehemu za mchanga za kujifunzia, na maji ni ya vuguvugu. Sikatai kwamba maji ya upande ule si maangavu kila siku. Lakini anayejifunza kupumua chini ya maji hana haja ya kuona mita thelathini mbele. Ana haja ya bahari isiyomsukuma.

Isitoshe, pana mabaki ya meli. Great Northern, iliyokuwa ikitandaza nyaya za simu za chini ya bahari, ilizama mwaka 1902 na imelala kwenye kina cha kama mita 12, ambacho mwenye cheti cha kwanza anakifikia bila wasiwasi, kwa kuwa cheti hicho kinamruhusu kushuka mpaka mita 18. Unaposogea karibu unaona chuma kimevaa matumbawe, na ukitulia bila kupiga miguu, mkunga anatoa kichwa kwenye tundu akikukagua. HMS Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914, iko mbali zaidi chini, karibu mita 40. Hiyo iache mpaka uive. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa kisiwa cha Chapwani, na meli waliyofia watu si mahali pa kujaribia mitungi.

Kama katika msafara wenu kuna asiyetaka mitungi kabisa, mpelekeni kisiwa cha Chumbe. Uvuvi umezuiwa pale tangu miaka ya 1990, na hata kuzamia kwa mitungi wageni hawaruhusiwi. Ni miwani na mrija tu. Ndiyo maana mwamba wake unaonekana ulivyo.

Sasa Pemba. Ukiniuliza moyo wangu uko wapi, uko Pemba, na nataka uende ukiwa tayari. Unguja inatenganishwa na bara kwa maji ya kina kidogo, lakini mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Matokeo yake unayaona kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba: unaelea juu ya matumbawe yaliyo mita chache tu chini yako, unasogea kidogo, na mwamba unakatika. Ukuta unashuka, buluu inageuka nyeusi. Ukiugeukia ukuta unakuta kila tundu lina mkaaji, na nyuma yako kolekole wanapita kasi kutoka kwenye kina.

Uzuri huo unaletwa na maji yanayokwenda, na maji yale yale humbeba mtu. Kwenye milango ya Njao na Fundo, bahari nzima inapita katikati ya visiwa inapojaa na kukupwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari yetu hupanda na kushuka kama mita nne. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya Pemba, angalia mwezi. Mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, huja karibu na tarehe 8 na tarehe 23 za mwezi wa Kiislamu. Mvuvi yeyote wa Wete au Mkoani anaijua hesabu hii, na hakuna tovuti ya hoteli niliyoiona ikimweleza mgeni. Mgeni wa mara ya kwanza Pemba aende maji mafu. Na kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Oktoba au Novemba, matlai, kusi limekwisha na kaskazi haijashika. Maji huwa maangavu sana.

Kurudi, panda boti ya Mkoani badala ya ndege. Aliyezamia siku kadhaa mfululizo anatakiwa angoje walau saa 18 kabla ya kuruka, na wengi hulisahau hilo kwa haraka ya kurudi kazini.

Misali ina wenyewe. Wavuvi hupiga dago pale, wanalala kisiwani wakivua, na sehemu ya magharibi ya mwamba wamekubali isivuliwe. Huo ndio ukuta tunaokwenda kuutazama. Wasalimie, funika mwili ukishuka kwenye boti, na lipa ada ya hifadhi bila kunung'unika.

Lililobaki ni kuchagua wa kukupeleka, na hapa sijali sana picha zilizobandikwa ukutani. Mimi huuliza boti inafungwaje ikifika. Tumbawe la mviringo hukua polepole sana. Nanga moja inayoburutwa huvunja lililoanza kukua kabla babu yako hajazaliwa. Miamba yetu bado haijasahau joto la 1998, matumbawe yalipogeuka meupe na mengi kufa, Misali ikiwemo. Akikujibu kwamba anafunga kwenye boya, au kwamba boti inabaki na nahodha ikielea huku ikifuata mapovu yenu, muulize bei. Akisema nanga hutupwa popote, mshukuru, uende duka la pili.