Kushindwa kwa Pointi Chache: Mashabiki wa Nebraska na Kocha Wao wa Nyumbani

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2022, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska ilifunga pointi 42 mbele ya mashabiki wake mjini Lincoln, na bado ikalala. Georgia Southern, timu ambayo ilialikwa pale ikitarajiwa kufungwa, iliondoka na ushindi wa 45 kwa 42. Kabla ya siku hiyo Nebraska ilikuwa imefikisha pointi 35 au zaidi katika mechi 214 za nyumbani, na zote 214 ilikuwa imeshinda. Kesho yake kibarua cha kocha mkuu, Scott Frost, kikaota nyasi.

Mkataba wake ulisema akifukuzwa kabla ya tarehe 1 Oktoba mwaka ule, chuo kitamlipa fidia ya dola milioni 15. Akifukuzwa baada ya hapo, milioni 7.5. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu. Uongozi ukaona ni afadhali kulipa milioni 7.5 za ziada kuliko kumwacha akae benchi kwa wiki hizo tatu. Anayetaka kupima ukubwa wa hasira iliyokuwa imetanda Nebraska aupime kwa tofauti hiyo.

Futiboli ya vyuo vya Marekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, ina msimu mfupi mno. Mechi ni 12 hivi, na timu haishuki daraja. Msomaji aliyezoea ligi ya mechi 30, ambako timu hupoteza mechi mbili na kujirekebisha mwezi unaofuata, inabidi ajue kwamba huku kipigo kimoja cha Septemba kinaweza kuzima ndoto ya mwaka mzima, kisha shabiki anasubiri hadi Agosti ijayo. Na Nebraska ni jimbo lenye watu wapatao milioni mbili, lisilo na timu hata moja ya ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo. Timu ya chuo ndiyo timu ya jimbo. Tangu mwaka 1962 uwanja wa Memorial umekuwa ukihesabiwa kuwa umeuza tiketi zote katika kila mechi ya nyumbani. Mataji ya taifa ni matano: 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997.

Frost mwenyewe alizaliwa Lincoln, akakulia Wood River, mji mdogo wa jimbo hilohilo, na ndiye aliyekuwa kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi, wa kikosi cha 1997. Kama kocha aliipokea timu ya UCF ya Florida ikiwa imetoka kupoteza mechi zote 12 za mwaka 2015, na mwaka 2017 ikamaliza na ushindi 13 bila kufungwa hata mara moja. Mcheza kwao hutuzwa, na Nebraska ilimtuza kwa mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 35. Katika mechi ya mazoezi ya Aprili 2018, timu ikicheza yenyewe kwa yenyewe, watu zaidi ya 80,000 walifika kumwona.

Baada ya hapo ikawa hivi: 2018 ushindi 4 na vipigo 8, 2019 ushindi 5 na vipigo 7, 2020 ushindi 3 na vipigo 5, 2021 ushindi 3 na vipigo 9, na mwaka 2022 ushindi 1 na vipigo 2 kabla hajatimuliwa. Jumla, ushindi 16 na vipigo 31.

Ningeishia kwenye jumla hiyo kusingekuwa na mjadala. Lakini msimu wa 2021 unawagawa watu mpaka leo, nami nimeurudia mara nyingi kuliko msimu wowote wa timu nisiyoishangilia. Katika vipigo tisa vya mwaka ule, hakuna kilichozidi pointi tisa. Oklahoma 23 kwa 16. Michigan 32 kwa 29. Ohio State 26 kwa 17. Iowa 28 kwa 21. Ukijumlisha pointi zote za msimu, Nebraska ilifunga 63 zaidi ya zile ilizofungwa. Timu iliyoshinda mechi tatu tu kati ya 12!

Waliomtetea kocha walizishika namba hizo kama ushahidi. Timu mbovu, walisema, haiwezi kwenda sare sare na Michigan na Ohio State hadi dakika za lala salama. Pointi nane zinapatikana kwa shambulizi moja lililokamilika, kwa hiyo kufungwa kwa nane au pungufu ni kukosa shambulizi moja. Bahati haiwezi kuelemea upande mmoja milele; mwakani mpira utadunda vizuri, na vipigo vitano vya mwaka huu vitageuka ushindi. Hoja hii si ya kijinga. Watu wanaochambua michezo kwa takwimu wamekuwa wakisema kwa muda mrefu kwamba matokeo ya mechi za karibu hubadilika sana mwaka hadi mwaka, na kwamba tofauti ya jumla ya pointi hueleza uwezo wa timu vizuri kuliko idadi ya ushindi.

Waliotaka aondoke walizisoma namba zilezile wakaona kitu kingine, na hapa nadhani jicho la shabiki wa kawaida liliona mbali kuliko la mwenye kikokotoo. Bahati mbaya haina mtindo, lakini vipigo vya Nebraska vilikuwa nao. Dhidi ya Michigan State walikuwa mbele 20 kwa 13 dakika za mwisho. Wakapiga mpira wa kuuondoa golini kwao, ukaenda upande ambao hawakuwa wameupangia watu, na mpinzani akakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja. Dhidi ya Iowa walikuwa wakiongoza 21 kwa 6, kisha mpira wao wa kuondosha ukazuiwa na kugeuzwa pointi. Makosa ya vikosi maalumu, yaani wale wanaoingia kupiga na kupokea mateke, yalijirudia mwaka hadi mwaka. Na makosa ya namna hiyo hayatokani na ukosefu wa vipaji. Yanatokana na mazoezi, na ratiba ya mazoezi hupangwa na kocha.

Kisha ukaja mchezo wa Dublin, Ireland, tarehe 27 Agosti 2022. Nebraska iliongoza 28 kwa 17 dhidi ya Northwestern katika robo ya tatu. Frost akaamuru mchezo uanzishwe kwa teke fupi la kushtukiza, ili wenyewe waunyakue mpira tena. Northwestern wakaudaka, wakafunga, na mwishowe wakashinda 31 kwa 28. Uamuzi ule ulikuwa wake peke yake, na hakuna mchezaji wa kubebeshwa lawama wala upepo wa kusingiziwa. Kwa hesabu ya miaka yake yote, mechi zilizoamuliwa kwa pointi nane au pungufu alishinda 5 na kupoteza 22. Mtu akirusha sarafu mara 27 na kupata upande mmoja mara 22, ni haki kuiangalia sarafu yenyewe.

Hata hivyo, siwezi kuwapa mashabiki ushindi wote katika kesi hii, kwa sababu Nebraska ina historia ya kufukuza watu kwa pupa. Mwaka 2003 kocha Frank Solich alitimuliwa akiwa na ushindi 9 na vipigo 3 msimu ule. Aliyemfuata, Bill Callahan, aliiacha timu ikiwa chini kuliko alivyoikuta. Mwaka 2014 Bo Pelini naye akaondolewa akiwa na 9 kwa 3, akafuatiwa na Mike Riley aliyemaliza miaka mitatu kwa ushindi 19 na vipigo 19. Kila mara kilio kilikuwa kwamba kushinda mechi tisa kwa mwaka hakutoshi kwa klabu ya hadhi hii. Leo shabiki wa Nebraska angeipokea misimu ya mechi tisa kwa mikono miwili. Naamini uvumilivu mkubwa aliopewa Frost ulitokana kwa sehemu na majuto hayo: watu walikwishaungua kwa haraka yao, na safari hii waliogopa kuwa na haraka tena, tena kwa mtoto wao wenyewe.

Na mifano ya subira iliyolipa ipo, wala si ya kutafuta kwa tochi. Frank Beamer alishinda mechi 24 tu na kupoteza 40 katika miaka yake sita ya mwanzo Virginia Tech, ikiwemo 1992 aliposhinda mbili pekee. Chuo kikamwacha. Mwaka uliofuata alishinda tisa, na msimu wa 1999 akaifikisha timu kwenye mechi ya ubingwa wa taifa. Kirk Ferentz alianza Iowa kwa kushinda mechi moja na kupoteza kumi mwaka 1999. Mwaka 2002 alishinda 11. Hata Tom Osborne, ambaye Nebraska humtaja kwa heshima kuliko mtu yeyote aliye hai, alianza kazi 1973 na hakupata taji la taifa hadi 1994. Miaka ya sabini walikuwepo waliosema hawezi kuifunga Oklahoma na kwamba muda wake umepita.

Basi Virginia Tech walijuaje? Beamer alibadilisha baadhi ya wasaidizi wake baada ya 1992. Frost naye aliwaondoa wasaidizi wanne wa upande wa mashambulizi Novemba 2021, na akakubali kupunguziwa mshahara kutoka dola milioni 5 hadi 4 kwa mwaka ili apewe msimu mmoja zaidi. Ni dawa ileile, na mmoja alipona, mwingine hakupona. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema uongozi ulikuwa kipofu kumbakiza mwisho wa 2021. Ulikuwa uamuzi wenye mantiki, ukaenda kombo.

Kosa lililo wazi kwangu lilifanyika mapema zaidi, mwaka 2019. Frost alikuwa ametoka kwenye msimu wa 4 kwa 8 na alikuwa akielekea 5 kwa 7, na mkataba wake ukaongezwa miaka miwili, hadi 2026. Hakuwa ameshinda chochote. Saini hiyo ndiyo iliyomfanya awe ghali kumfukuza miaka mitatu baadaye. Na Nebraska si peke yake: Texas A&M ilipomfukuza kocha wake, Jimbo Fisher, Novemba 2023, fidia ilizidi dola milioni 75, kwa sababu naye aliongezewa mkataba mnono miaka miwili kabla. Mashabiki humzomea aliyeko uwanjani Jumamosi kwa sababu ndiye wanayemwona. Waliotia saini ofisini hawazomewi na mtu, nami nadhani robo tatu ya hasira ile ilistahili kupelekwa kwao.

Ilikowapeleka vibaya zaidi hasira yao ni kwa wachezaji. Kwotabeki Adrian Martinez alilaumiwa mno mwaka 2021 kwa mipira aliyopoteza, hasa ule wa mwisho dhidi ya Michigan. Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa amecheza mechi nyingi za mwaka ule akiwa na taya lililovunjika. Alikuwa mwanafunzi. Alihamia Kansas State, na Septemba 2022, karibu wiki mbili baada ya Frost kutimuliwa, aliiongoza timu yake mpya kuifunga Oklahoma ugenini 41 kwa 34, akikimbia mwenyewe na kufunga mara nne. Niliposoma matokeo yale sikufikiria mbinu wala mikataba. Nilifikiria maneno aliyotupiwa kijana yule kwa miaka minne, na watu wazima waliyoyasema.

Alipokuja kocha mpya, Matt Rhule, kwa mkataba wa miaka minane na dola milioni 74, wengi walidhani ugonjwa wa dakika za mwisho umeondoka na Frost. Haukuondoka. Mwaka 2023 Nebraska ilipoteza mechi saba, na tano kati ya hizo kwa pointi saba au pungufu. Matokeo ya 10 kwa 13 yalijirudia mara tatu: Minnesota, Maryland, Iowa. Hili lazima limrudishe nyuma kidogo kila aliyesema tatizo lilikuwa mtu mmoja, na mimi nimo. Timu inaweza kuzoea kushindwa kama mwili unavyozoea kuchechemea hata baada ya mguu kupona.

Mwaka 2024 walipoteza sita, tano zikiwa za pointi nane au pungufu, na Iowa kwa mara nyingine 13 kwa 10. Lakini tarehe 28 Desemba, katika mechi ya baada ya msimu mjini New York, waliongoza 20 kwa 2 dhidi ya Boston College. Kisha wapinzani wakaanza kurudi, hadi 20 kwa 15, na kila aliyewahi kuvaa jezi nyekundu alijua hadithi hii inavyoishia. Safari hii mpira ulibaki mikononi mwao. Ulikuwa msimu wa kwanza tangu 2016 kwa Nebraska kushinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza, na ulihitaji pointi tano tu za ziada.