Jina la Shamba ni la Nani?

Kaskazini mwa Wales, katika milima ya Eryri, kuna bonde ambalo wapanda milima waliozungumza Kiingereza walizoea kuliita Bonde Lisilo na Jina. Jina linalo: Cwm Cneifion. Ama hawakuuliza, ama waliuliza na ulimi ukawashinda.

Majina ya Kiwelisi, lugha ya asili ya Wales, yakijadiliwa, macho ya wengi huenda kwenye vilele. Novemba 2022 mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Eryri iliamua kuuita mlima mrefu kuliko yote Wales kwa jina la Kiwelisi, Yr Wyddfa, badala ya Snowdon. Aprili 2023 hifadhi ya Brecon Beacons nayo ikajitambulisha kwa jina lake la Kiwelisi, Bannau Brycheiniog. Kelele zikapigwa, ila kwangu hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya ugomvi. Mlima mkubwa haukosi watetezi. Kinachopotea kimyakimya ni jina la shamba, la nyumba, la konde nyuma ya zizi.

Chukua shamba la Faerdre Fach, karibu na Llandysul. Lilipoanza kupokea wageni wa mapumziko lilitangazwa kwa jina la Kiingereza lenye maana ya Kilima cha Punda Mwenye Furaha. Cheka kwanza, kisha tazama kilichofunikwa. Faerdre ni maerdref iliyobadilika herufi ya mwanzo, kama Kiwelisi kinavyofanya. Katika Zama za Kati hicho kilikuwa kitongoji cha watwana waliomlimia mtawala jirani na makao yake. Kibao cha langoni kilikuwa kinasema nani alitawala hapo na nani alishika jembe.

Hata hivyo mwenye shamba si mhalifu. Mali ni yake, na mgeni asiyeweza kutamka jina la mahali atalitafutaje kwenye intaneti? Mwaka 2017 Dai Lloyd, mbunge wa chama cha Plaid Cymru, alitaka itungwe sheria ya kulinda majina ya kihistoria. Bunge la Wales likakataa. Badala yake ipo orodha rasmi iliyotokana na sheria ya 2016, ambayo ilizinduliwa ikiwa na majina zaidi ya 350,000. Halmashauri zinatakiwa kuizingatia. Mwenye nyumba hafungwi nayo. Kwa hiyo jina linaweza kutunzwa vizuri sana kwenye orodha huku likiwa limeng'olewa langoni.

Wanaopinga sheria kali wana hoja nyingine ambayo watetezi huiruka: lipi hasa ndilo jina la kihistoria? Orodha yenyewe imebeba tahajia kadhaa za mahali pamoja, kutoka ramani na nyaraka za nyakati tofauti. Snowdon nalo si jina la juzi. Ni Kiingereza cha kale, "kilima cha theluji", na liliandikwa tangu mwaka 1095. Jina la mji wa Swansea waliliacha Waviking, ingawa Wawelisi huuita mji huohuo Abertawe, yaani mlango wa mto Tawe. Na lile jina la herufi 58 linaloanza na Llanfairpwllgwyngyll, ambalo watalii hulipiga picha kwenye kituo cha reli, lilirefushwa karne ya 19 ili kuvuta wasafiri. Kumbe biashara iliwahi kutunga Kiwelisi pia!

Kwa sababu hiyo siungi mkono marufuku ya jumla. Katika sensa ya 2021, waliosema wanazungumza Kiwelisi walikuwa asilimia 17.8 tu, na faini haimfundishi mtu kutamka. Lakini hoja ya uhuru wa mwenye mali nayo inavutwa kupita kiasi. Amenunua ardhi na majengo. Jina lilikuwa likitumiwa na majirani kabla hajazaliwa. Akitaka punda wake waonekane kwenye tangazo, sawa. Sheria imdai kitu kimoja: jina la zamani libaki kwenye anwani na kwenye kibao, juu ya lile jipya. Gharama yake ni ubao na rangi, na mgeni akiuliza Faerdre Fach maana yake nini, mwenyeji atakuwa na la kumsimulia.