Bibi hana habari, na wasia je?

The Farewell, filamu ya Lulu Wang ya mwaka 2019, kwa Kichina ina jina lenye maana ya "Usimwambie". Bibi wa mji wa Changchun, Uchina, ana saratani ya mapafu iliyofika hatua ya nne, na amekadiriwa miezi 3. Ukoo mzima wajua ila yeye. Ili wapate kumuaga bila kumshtua, watunga harusi: mjukuu wa kiume aliyeko Japani aozeshwa haraka msichana waliyejuana kwa miezi 3 tu. Mjukuu wa kike, Billi, aliyekulia Marekani (Awkwafina ndiye anayemwigiza), haoni ila udanganyifu. Utacheka sana, kisha utajikuta wafuta macho kwa ncha ya leso.

Nimeitazama mara mbili na jamaa zangu hapa Mombasa, na mara zote mbili hukumu ilitoka mapema: familia ina haki, Billi kazugwa na Uzungu. Nawaelewa. Katika filamu ripoti ya hospitali yabidi ipelekwe ikabadilishwe maneno. Kwetu hata taabu hiyo haipo, ripoti yatoka kwa Kiingereza, mjukuu aikunjua mbele ya bibi, akohoa kidogo, asema: "Bibi, wasema ni vidonda vya tumbo."

Wanaoficha wana hoja. Baba yake mkubwa Billi amweleza kwamba maisha ya mtu ni fungu la jamaa zake, basi mzigo wa habari mbaya waubebe wao. Tena bibi mwenyewe, zamani, alimficha mumewe hivyo hivyo, na hiyo ndiyo hoja yao nzito kuliko zote. Hata Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, inayomtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, imeacha mlango wazi kidogo: isipokuwa pakiwa na ushahidi wa kutosha kwamba kumweleza ni kinyume cha maslahi yake. Ushahidi, lakini. Si mabinti kulia koridoni.

Nisilolikubali ni kusema kwamba kutaka mgonjwa aambiwe ni fikra ya Kizungu. Katika Bukhari na Muslim, vitabu vya hadithi za Mtume, kuna hadithi mashuhuri: haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Hayo aambiwa mzima, sembuse aliyelala kitandani. Ana thuluthi ya mali yake ya kuusia, ana madeni, ana watu wa kuombana nao radhi. Mirathi tutagawa sisi. Radhi hatuwezi kumwombea.

Halafu kuna ile miaka 6. Filamu yaisha kwa maandishi kwamba miaka 6 baada ya kugunduliwa maradhi, bibi halisi wa mwongozaji bado yu hai. Sebuleni walipiga makofi. "Si mwaona!" Mimi hesabu hiyo yanikera mpaka leo. Miaka 6 yaonyesha kuwa makadirio ya miezi 3 yalikosea; haionyeshi kuwa kimya ndicho kilichomponya. Angeambiwa, angeishi mingapi? Mtu ni mmoja, hana pacha wa kumpimia. Waliofichwa wakafa baada ya wiki mbili hawatengenezewi filamu. Na waliopiga makofi ndio hao hao ambao kila matangani wanatwambia ajali ya mtu, yaani siku yake ya kufa, haitangulii wala haichelewi. Ikiwa haitangulii, neno la daktari litaitanguliza vipi?

Sisemi mtu atupiwe habari kama bili ya maji. Lakini kuna swali ambalo katika filamu nzima hakuna aliyemuuliza bibi, na sisi pia hatuliulizi: majibu yakija, nikusomee wewe au nimsomee mwanao? Akisema msomee mwanangu, basi, ameshachagua mwenyewe.

Shangazi yangu hakuulizwa. Tulimwambia ni vidonda vya tumbo, na siku ya tatu wakaanza kuingia jamaa kutoka Maskati na Lamu, mifuko ya halua mikononi. Aliwatazama mmoja mmoja, akasema, "Vidonda hivi vina wageni wengi." Tukacheka sote. Hakuna aliyeitumia nafasi ile, na sasa naamini alikuwa akitufungulia mlango.

Baada ya arubaini walikuja wanawake wawili, kila mmoja kwa siku yake. Kila mmoja alisema alimwekea marehemu bangili za dhahabu kwa amana. Katika kasha tulikuta kijaluba kimoja, ndani yake bangili nne zimefungwa kwenye kitambaa, bila karatasi wala jina. Mmoja alisema zake zilikuwa mbili, mwengine akasema zote nne ni zake. Wote ni watu wazima wa heshima, na wote walikuwa tayari kuapa. Kijaluba kiko kwa dada yangu. Bangili hazivaliwi, haziuzwi.