Hamasa ya Kuazima Haisitiri

Jumamosi iliyopita nilikaa ukumbini saa nne nzima, kiingilio shilingi 30,000, nikimsikiliza mhamasishaji akitusimulia habari za John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni kwenye Olimpiki. Alisimulia vizuri, sitamnyima haki yake. Goti limefungwa bendeji, bega linauma, mtu bado anachechemea kuelekea uwanjani. "Wewe hapo, kinachokushinda ni nini?" akapaza sauti, na ukumbi mzima ukasimama. Dada aliyekaa kando yangu alikuwa anafuta machozi. Kisha tukaambiwa tuandike malengo matano, tuamke saa kumi alfajiri kila siku, tusikate tamaa. Nimerudi nyumbani na hasira ambayo hadi leo haijapoa.

Si malengo yaliyomfanya Akhwari amalize mbio zile. Lengo lilikuwa limeshamfia njiani. Tarehe 20 Oktoba 1968, Jiji la Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, watu 75 walianza marathoni. Kijana wetu wa Mbulu akakamatwa na misuli kwa hewa ile nyepesi, akaanguka wakati wakimbiaji wakigombea nafasi, goti likateguka. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari alimaliza kwa saa 3 na dakika 25, giza limeingia, medali zimeshagawiwa, watazamaji wengi wamekwenda zao. Alikuwa wa 57, wa mwisho kabisa.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo anakimbilia lengo gani? Medali haipo. Muda wa kujivunia haupo. Kama kilichokuwa kikimsukuma ni ushindi, kilikwisha pale alipoanguka, na angepanda gari bila mtu kumlaumu. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu jibu ambalo Watanzania wengi tunalijua kwa moyo: nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kwenda kuzimaliza. Lirudie taratibu jibu hilo. Humo ndani hakuna ushindi wala kutokata tamaa. Kuna kutumwa. Kuna nchi ambayo haijafikisha hata miaka saba ya uhuru, na kijana anayeona kwamba alichopewa ni amana, na amana hairudishwi nusu. Hicho ndicho alichokithamini, na goti lililoteguka lisingeweza kukigusa. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970, alikimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 15 akashika nafasi ya tano. Moto wa ukumbini hauwaki miaka miwili.

Kuna jambo jingine halikutajwa. Watu 18 hawakumaliza mbio zile. Ukimsikiliza mhamasishaji wetu, utadhani hao walikuwa legelege. Sikubali. Mkimbiaji anayeujua mwili wake, anayejua ana mbio nyingine mwaka ujao na watoto wa kulisha, akisimama, hajakosa moyo. Huenda naye amefuata kile anachokithamini.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mimi ni mmoja wa walioacha. Mitihani ya CPA, ile ya uhasibu ya Mei na Novemba, nimeifanya mara tatu, na mara mbili nyingine nimelipia nisiingie. Kila baada ya semina nilikuwa na nguvu za wiki mbili. Nabandika ratiba ukutani, naweka kengele kwenye simu. Wiki ya tatu nikifungua kitabu cha kodi saa tano usiku, mwili unakataa kama mtoto anayekataa dawa. Miaka minne nimejiita mvivu. Miaka minne mke wangu ananitazama nikijichukia mezani.

Kilichonifumbua macho ni meseji za M-Pesa. Mwezi wa tatu mwaka huu nilichukua daftari kuukuu la mwanangu, nikapitia meseji zangu za miezi mitatu, moja baada ya nyingine, naandika pesa imekwenda wapi na imekwenda kwa moyo gani. Ada ya mtihani wa CPA: siku ya mwisho, baada ya kukumbushwa mara mbili. Ada ya mtoto wa dada yangu: wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Halafu nikaanza kuona vitu vidogo nilivyokuwa sivihesabu. Daftari dazeni moja. Chaki boksi mbili. Mikebe sita ya hesabu, siku mbili tu baada ya mshahara, mwezi ambao mimi mwenyewe nilikwenda kazini na viatu vilivyoachia soli. Vyote vya watoto wa mtaani kwetu ninaowafundisha hesabu kila Jumamosi barazani. Nimewafundisha miaka mitano. Hakuna aliyewahi kunihamasisha, sijawahi kuweka kengele, na sikumbuki Jumamosi niliyoamka nikatamani mvua inyeshe wasije. Nilikaa na lile daftari mpaka mke wangu akaja kuzima taa ya sebuleni.

CPA ilikuwa ya mjomba wangu, Mungu amrehemu. Alinisomesha chuo, alitaka kuliona jina langu kwenye orodha ya waliofaulu. Mtu ataniambia: hata Akhwari alitumwa, wewe umetumwa na mjomba, tofauti iko wapi? Swali hilo limeninyima usingizi. Jibu nililolipata ni kwamba Akhwari alikuwa ameupokea ule ujumbe ukawa wake. Mimi nilitii tu. Sikuwahi kukaa nikajiuliza kama ninachokitaka mjomba nami nakithamini, na mjomba, kwa jinsi nilivyomfahamu, angenisikiliza.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi baiskeli Tabora. Nikiwa na miaka kumi hivi nilikuwa namsaidia jioni. Anafungua gurudumu, anamwaga gololi kwenye kisahani cha mafuta ya taa, anaziosha, kisha anaziokota moja moja na kuzizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada huku amezielekeza kwenye mwanga. Yenye doa dogo tu la kulika anaitupa. Siku moja mteja akamwambia, mzee, rudishia hizohizo, mimi nina haraka na pesa sina. Baba akaweka mpya, hakumdai. Nikamuuliza kwa nini. "Huyu anambeba mkewe nyuma, mwanangu," akasema, akaendelea kupaka grisi. Alifanya hivyo zaidi ya miaka thelathini, juani, kwa kipato kidogo. Ningemuuliza malengo yake ya miaka mitano asingenielewa. Ukimuuliza ni kazi ya namna gani ambayo mkono wake hauwezi kuifanya, angekujibu hapohapo.

Wanasaikolojia wameligusa hili, kwamba msukumo wa nje haudumu kama wa ndani. Mwaka 1971 Edward Deci alichapisha jaribio lake: wanafunzi walipewa mafumbo ya vipande vya kupanga, wengine wakalipwa dola 1 kwa kila fumbo. Malipo yalipoondolewa, waliokuwa wakilipwa waliyagusa mafumbo muda mfupi zaidi kuliko mwanzo walipokuwa wakiyacheza kwa hiari yao.

Najua kodi ya nyumba haingoji mtu ajitambue. Kuna kazi unaifanya kwa sababu watoto wanakula, na hiyo nayo ni tunu, tena kubwa, mradi uiite kwa jina lake. Nakubali pia, japo kwa shingo upande, kwamba semina inaweza kumwinua mtu aliyeanguka siku hiyo. Sijui yule dada alikuwa amebeba nini moyoni, na machozi yake siyadharau. Ninachokataa ni kumpa mtu karatasi ya malengo kabla hajaulizwa anathamini nini, kisha akishindwa aambiwe hakuwa na bidii. Hayo ni maumivu ambayo hayakuwa na ulazima, na yanawapata vijana wengi hapa mjini waliosoma wasichokitaka na sasa wanajidhania wabovu.

Novemba sitaingia kwenye mtihani. Nilimwambia mama kwa simu Jumapili. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Na wale watoto wa Jumamosi, bado wanakuja?" Nikamwambia wanakuja, ila wiki iliyopita niliwaahirishia kwa ajili ya semina. "Usirudie, baba," akasema.

Kesho ni Jumamosi. Tumeishia kwenye milinganyo, na kuna binti wa kidato cha pili ambaye akihamisha namba upande wa pili anasahau kubadilisha alama. Nimemwahidi tutaanza na yeye.